MAUMIVU YA KILA MWEZI: CHANZO CHAKE KITAFUTWE

(Maneno haya yalisomwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa genge la njia, katika mkutano wa tawi. Yanapigwa chapa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu siku ile.)



Kwanza naomba dada zetu walioketi nyuma karibu na mlango wasogee mbele, viti vipo. Habari ninayotaka kuisema ni yao kuliko yetu, na haifai waisikilize nyuma ya migongo ya wanaume.

Bwana Katibu aliponiomba niseme juu ya afya ya wafanya kazi, nadhani alifikiri nitasema habari za viatu vya kazi au vumbi la kokoto. Nilipomwambia nitasema juu ya maumivu ya wanawake wakati wa hedhi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, lakini sema kwa adabu." Nitasema kwa adabu, lakini nitasema wazi, maana jambo hili lilifichwa nyumbani mwangu miaka mingi kwa ajili ya adabu, na adabu ile ilitugharimu sana. Bibi yangu anajua kwamba nimesimama hapa leo. Jana jioni tuliisoma karatasi hii pamoja, na yale aliyotaka niyafute nimeyafuta.

Najua wako watakaocheka. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kucheka. Genge letu lilipoketi kula chakula cha mchana, na mtu akasema bibi yake amelala tena leo, tulikuwa tukitoa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Nilioa mwaka 2013. Bibi yangu alikuwa akifanya kazi katika banda la kufungia maua, kwenye shamba moja upande wetu wa Londiani, na mikono yake ilikuwa myepesi hata nyapara wake akamsifu. Lakini kila mwezi zilikuja siku 2 au 3 ambazo hakuweza kusimama. Alijikunja kitandani, jasho likamtoka, akatapika, na mara nyingine akaogopa hata kwenda choo kwa uchungu. Nikamwuliza mama yake. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Akizaa yatakwisha."

Akazaa mwaka 2015, wala hayakwisha. Mtoto alipoacha kunyonya na hedhi ikarudi, maumivu yalirudi pamoja nayo, tena sasa yalianza siku 2 kabla ya damu kuonekana. Mtoto wa pili tukamtafuta, hatukumpata.

Nitawaambieni njia tuliyopita, kwa sababu najua wengine wenu mko katika njia hiyo hiyo sasa. Tulianza duka la dawa, vidonge vya maumivu vya shilingi chache. Kliniki ya kwanza wakamtoboa kidole, wakasema ni taifodi. Akanywa dawa. Mwezi uliofuata, taifodi tena. Kliniki nyingine wakasema ni vidonda vya tumbo, asile maharagwe. Kwingine wakasema ni amiba. Halafu wakaja kusema kwamba ni ugonjwa wa kuambukizwa katika viungo vya uzazi, na kwamba ugonjwa huo huletwa na mume. Akapewa antibiotiki za siku 14, na baada ya miezi michache nyingine, na nyingine tena, wala hapakuwa na siku moja waliyompima ili kuhakikisha kama mdudu yupo.

Hapo ndipo nyumba ilipotaka kuvunjika. Yeye alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Nilijua moyoni kwamba sikutoka nje, naye alijua hivyo juu yake mwenyewe, lakini karatasi ya kliniki ilikuwa imesema, na karatasi ina nguvu kuliko mdomo wa mtu. Tulikaa karibu mwaka mzima tukisemezana mambo ya mtoto na ya unga tu.

Tulikwenda pia kwa mganga wa miti shamba, na kwenye maombi ya usiku. Simdharau mtu. Katika shule ya misheni nilikosomea mpaka darasa la 8, mwalimu alitufundisha habari ya yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga asipone. Tulipokuwa watoto tuliona ni hadithi ya kale. Sasa nilikuwa naiona kila mwezi, nami ndiye niliyekuwa nikilipa.

Mwaka 2018 bibi yangu aliachishwa kazi. Barua ya kwanza, barua ya pili, kisha akaambiwa asirudi. Katika daftari yao aliandikwa "hayupo bila ruhusa" siku 31 kwa mwaka. Mahali pale hapakuwa na chama, wala hakuna mtu aliyemwuliza kwa nini siku zile zilikuja kila mwezi kwa mfululizo kama ratiba ya treni. Na mimi, siku aliyokuja na barua mkononi, nilimwambia, "Wanawake wenzako wanakwenda kazini. Wewe una nini?" Aliponiambia jana nisifute neno hili, sikulifuta.

Sasa nitawapeleka kwenye reli kidogo. Mwaka 2021, njia ya zamani ya kwenda Kisumu ilipokuwa ikitengenezwa upya, genge letu lilikuwa na mahali pamoja palipotusumbua. Reli ilikuwa ikididimia. Tukainua kwa jeki, tukashindilia kokoto chini ya mataruma, ikakaa sawa. Baada ya wiki 3 ikashuka. Tukainua tena, ikashuka tena, mara 4. Mara ya 5 alikuwapo mzee mmoja aliyeijua njia ile tangu zamani. Yeye hakuitazama reli hata kidogo. Aliteremka chini ya tuta, akatembea mpaka kwenye kalvati, akaingiza fimbo ndani. Kalvati ilikuwa imejaa matope na mizizi, na maji ya mvua yalikuwa yakituama ndani ya tuta. Tulizibua siku 2, tukashindilia kokoto mara moja tu, na mahali pale pametulia.

Jioni ile nilifika nyumbani nikamkuta amelala, na vidonge viko kwenye kigoda karibu naye. Nikavitazama vile vidonge, nikasema moyoni, hizi ni kokoto. Miaka 8 tunashindilia kokoto.

Aliyetuonyesha pa kuanzia hakuwa daktari mkubwa. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, ambaye alimwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza: "Yanaanza siku gani, na yanakwisha siku gani?" Bibi yangu akasema hajui kwa hakika. Muuguzi akamwambia aende akaandike miezi 3, kisha arudi. Tukatumia kurasa za nyuma za kitabu changu kidogo cha kuandikia saa za ovataimu. Aliandika tarehe damu ilipoanza na ilipokwisha, maumivu yalipoanza, na mahali yalipo, kama ni chini ya kitovu, kiunoni, mgongoni au yanashuka pajani. Aliandika ni makali kiasi gani, akitumia hesabu ya 0 hadi 10, na ni dawa gani aliyomeza na kama ilisaidia. Aliandika vitambaa vingapi vilijaa kwa siku. Aliandika kama aliumia wakati wa haja kubwa au ndogo, na kama aliumia tulipokutana kama mume na mke. Hili la mwisho sikulijua. Miaka yote ile alivumilia akanyamaza, nami nikadhani amenichoka.

Baada ya miezi 3 kitabu kilisema chenyewe. Maumivu yalianza siku 2 kabla ya hedhi, yakafika 9, na uchungu wa choo ulikuja siku zile zile tu na kuondoka pamoja na damu. Muuguzi aliandika barua ya kutupeleka kwa daktari wa wanawake katika hospitali kubwa. Daktari yule, mama kijana, alisoma kitabu cha ovataimu kwa muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi. Picha ya kwanza ya ultrasaundi tuliyokwenda nayo ilisema hakuna kitu. Bibi yangu akaanza kulia, maana alidhani ataambiwa ni wazimu. Daktari akasema, "Mama, picha hii inasema tu kwamba hawakukiona. Haisemi kwamba hakipo." Maneno hayo naomba myakumbuke. Picha ya kawaida huweza kukosa ugonjwa huu kabisa, na kipimo cha damu cha kuutambua kwa hakika hakuna. Picha ya pili, iliyopigwa na mtu aliyezoea kuutafuta, ilionyesha mfuko wa damu ya zamani kwenye kikonyo cha mayai cha kushoto. Mwaka 2022 akapasuliwa kwa matundu madogo, wakaingiza kamera nyembamba tumboni, wakaona wenyewe kwa macho. Ugonjwa huo unaitwa endometriosisi.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa. Ndani ya mji wa mimba, ambao wengi wetu twauita kizazi, mna utando unaokua kila mwezi ukingoja mimba. Mimba isipoingia, utando hubomoka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Ili kuusukuma nje, mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo hukaza misuli ya kizazi. Huo mkazo ndio maumivu ya kawaida. Katika endometriosisi, vipande vinavyofanana na utando ule huota mahali pasipo pake, juu ya vikonyo vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Navyo hufuata homoni za kila mwezi, huvimba na kuvuja, lakini havina mlango wa kutokea. Mahali pale huwashwa, hufanya makovu, na viungo vilivyopaswa kuteleza hushikana kama vilivyotiwa gundi. Ndiyo maana choo kilimwuma, na ndiyo maana mimba ilikuwa ngumu kuingia.

Ugonjwa huu si mpya. Daktari Karl von Rokitansky wa Vienna aliuandika mwaka 1860, na katika miaka ya 1920 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba baadhi ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni. Lakini baadaye ilionekana kwamba damu hurudi hivyo kwa wanawake wengi ambao hawaugui, kwa hiyo hadithi yote bado haijakamilika. Shirika la Afya la Dunia lasema wanawake na wasichana wapatao 10 kwa mia walio katika umri wa kuzaa wanao, yaani karibu milioni 190. Hesabuni wanawake mnaowajua, kisha mgawe kwa 10.

Hapa Kenya, wengi tulilisikia jina la ugonjwa huu kwa sababu ya mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki tarehe 3 Juni 2024. Kwake ugonjwa ulifika mpaka kifuani na kuyaharibu mapafu, akaenda kutibiwa Marekani, na akazungumza hadharani wakati ambapo watu wengi walikuwa wanaona haya. Kifuani ni mahali pa nadra, sisemi ili kumwogofya mtu. Nasema kwa sababu bibi yangu alipomsikia kwenye redio alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe siko peke yangu."

Lakini ndugu zangu, msitoke hapa mkasema kila tumbo ni endometriosisi. Hilo litakuwa kosa lile lile la taifodi, tumebadilisha jina tu. Wako wanawake wengi, hasa wasichana, wenye maumivu makali bila ugonjwa wowote, kwa sababu ya zile prostaglandini. Hao husaidiwa vizuri na dawa kama ibuprofeni, na siri yake ni kumeza mapema, maumivu yanapoanza tu, wala si kungoja mpaka mtu ameanguka. Imezwe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo nayo husaidia kweli. Si mambo ya wazee tu.

Kisha kuna uvimbe wa kizazi uitwao faibroidi, ambao ni mwingi sana kwa wanawake weusi, na kwa kawaida si saratani. Huo huleta damu nyingi na uzito tumboni, na ultrasaundi huuona vizuri. Kuna adenomiosisi, ambapo ule utando huingia ndani ya nyama ya kizazi chenyewe, kizazi kikavimba na damu ikazidi. Na yale maambukizi ya viungo vya uzazi ni ugonjwa wa kweli, sikuyataja juu kwa kuyadharau. Mara nyingi huletwa na kisonono au klamidia visivyotibiwa, na yakiachwa huziba mirija. Mwenye uchafu usio wa kawaida, homa, na maumivu ya tumbo la chini atibiwe upesi, na mume atibiwe pia, bila matusi. Ninalolalamikia mimi ni kutibiwa mara ya 3, ya 4 na ya 5 kwa ugonjwa ambao hakuna aliyehakikisha kwamba upo. Wakati mwingine tena kizazi hakina kosa. Kosa liko kwenye utumbo, kibofu, au misuli ya nyonga iliyokaza kwa miaka ya uchungu. Kwa sababu hiyo daktari mwema huuliza maswali mengi kabla ya kuandika dawa.

Kuna hali ambayo haingojei daftari wala miezi 3. Mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akashikwa ghafla na maumivu makali upande mmoja, akaona kizunguzungu au kuzimia, au akasikia maumivu kwenye ncha ya bega, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Hapo ni gari, si kesho. Vile vile maumivu ya ghafla yenye homa kali au kutapika kusikokoma, na damu inayojaza kitambaa kila saa, saa baada ya saa.

Mtauliza kama bibi yangu amepona. Hapana, hajapona kabisa, na dawa ya kuufuta ugonjwa huu moja kwa moja haijapatikana. Walitoa ule mfuko wa damu na vipande walivyoviona. Tulijaribu kupata mtoto mwaka mzima, hatujapata. Kisha maumivu yalipoanza kurudi, tukakaa na daktari tukachagua dawa za homoni, ambazo ni za jamii ya zile za kupanga uzazi, ili hedhi itulizwe. Maana yake mtoto amengoja. Mtu mmoja alimshauri aondolewe kizazi yaishe, lakini daktari alieleza kwamba vipande vilivyo nje ya kizazi hubaki hata kizazi kikiondolewa, na uamuzi kama huo hautolewi sokoni. Leo maumivu yake ni 3, mara nyingine 4. Anauza mboga kituoni, na mwezi uliopita hakukosa hata siku moja. Tuliuza mtamba, na mkopo wa ushirika ningali naulipa.

Basi sasa nije kwenye mambo ya chama, maana Bwana Mwenyekiti anatazama saa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, naye alete cheti cha daktari, na amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kutoa zaidi, lakini hicho ndicho kipimo cha chini. Fanyeni hesabu pamoja nami. Dada anayelala siku 3 kila mwezi anahitaji siku 36 kwa mwaka. Siku zake 14 zinakwisha katika mwezi wa 5. Baada ya hapo hana kitu mkononi, na kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo kinahesabu kukosa kazi bila ruhusa wala sababu ya halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Ndiyo maana cheti chenye sababu ni cha thamani kuliko kusema "sikujisikia vizuri." Bibi yangu alikuwa na ugonjwa wenye jina tangu siku ya kwanza. Jina hilo tu ndilo hakuwa nalo.

Kifungu cha 41 nacho kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi duni au kwa kutojiweza kimwili, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Dada asiingie peke yake katika ofisi ile. Aje kwetu siku anapopata barua ya kwanza, asingoje ya tatu.

Nimesikia wengine wakitaka tudai siku ya kupumzika kila mwezi kwa wanawake. Zambia wanayo kwa sheria yao ya mwaka 2019, siku 1 kila mwezi bila cheti wala maelezo, na Japani waliiweka katika sheria ya kazi tangu mwaka 1947. Siipingi, na Bwana Katibu akiiandika katika madai yetu nitainua mkono. Lakini nasema wazi kwamba siku ya kulala haizibui kalvati. Tukiishia hapo tutakuwa tumempa dada yetu kitanda, na ugonjwa tumeuacha ukae naye kitandani.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa kamati. Mwanachama anayekwenda kliniki kwa ajili ya kuchunguzwa, si kwa kuugua siku ile tu, abadilishiwe zamu bila maneno. Hili halimgharimu mwajiri hata senti, ni sisi kukubali kuchukua zamu yake. La pili, wanyapara waambiwe kwamba mwanamke halazimiki kueleza habari za mwili wake mbele ya genge zima. Cheti kiende ofisini kimefungwa. Na la tatu, mfuko wa msaada wa tawi utoe mkopo wa nauli kwa mwenye barua ya kupelekwa hospitali kubwa, maana barua ya bibi yangu ililala kabatini miezi 2 kwa kukosa nauli, na mimi hapo nilikuwa nikichangia mfuko huo huo kila mwezi. Tena kila mmoja ahakikishe kwamba jina la bibi yake na watoto limeandikwa katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Twakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara. Na kabla ya upasuaji ulizeni hospitali kwa maandishi ni kiasi gani kitalipwa na kiasi gani kitabaki juu yenu.

Wanaume, tuna neno moja baina yetu. Bibi au binti akisema anaumia, usimwambie wenzako wanakwenda kazini. Mwulize yanaanza siku gani. Kama daktari atataka kuwaona nyote wawili, nenda, ukae, ujibu maswali, hata lile ambalo ungependa usiulizwe. Nami nina binti wa miaka 10. Daktari ameniambia kwamba ugonjwa huu hupita katika jamaa, mama na binti, dada na dada, ingawa si lazima. Mama mkwe alipoambiwa hivyo alikaa chini akasema, "Basi hata mimi." Ana miaka 61, na hakuna aliyempima maishani mwake.

Bwana Mweka Hazina ana daftari ndogo 20 mezani pale, tumezinunua kwa fedha za chai. Ukurasa wa kwanza umeandikwa mfano wa kujaza. Hazigawi yeye wala mimi. Dada wa kamati ndiye mwenye kuzigawa, na hataandika jina la aliyechukua. Mambo yale matatu ya kamati yatapigiwa kura Jumamosi ijayo saa 8 mchana, hapa hapa, na walio zamu wapeleke karatasi zao kwa Katibu kabla ya Ijumaa jioni.